Namna ya kukokotoa umbali wa ndege kati ya viwanja viwili vilivyo mbali

Wanaoanza huuliza mambo yaleyale. Mmoja amepima kwa rula kwenye ramani ya ukutani, na namba aliyoipata haikaribiani na ya mtu mwingine yeyote. Mwingine ameokota kanuni mahali, ameingiza namba zake, jibu limemjia kilomita 5,000 na kitu wakati ndege yenyewe hukaa angani zaidi ya saa 18. Wa tatu amepata majibu matatu kutoka sehemu tatu, hajui ashike lipi. Mwongozo huu ni wenu nyote. Ukiufuata mara moja kwa kalamu na kikokotoo, utaweza kupima umbali kati ya viwanja vyovyote viwili duniani, na ukiulizwa namba yako umeitoa wapi, utaweza kuonyesha.

Niseme mapema: kanuni yenyewe si ngumu, haizidi mstari mmoja. Kinachowaangusha watu kiko kabla ya kanuni. Ni kiwanja kisicho chenyewe, dakika zilizoandikwa kama desimali, alama ya hasi iliyosahaulika, au kikokotoo kilichowekwa kwenye kipimo kisichofaa. Ndiyo maana nimezieleza hatua za mwanzo kwa kirefu kuliko hesabu yenyewe. Usiziruke.

Mfano wetu utakuwa safari ya Singapore hadi New York, kiwanja cha Changi (SIN) hadi kiwanja cha John F. Kennedy (JFK). Ni kati ya safari ndefu kuliko zote za abiria zinazofanyika bila kutua njiani, kwa hiyo kosa lolote utakalofanya litaonekana waziwazi kwenye jibu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Viwianishi vya viwanja vyote viwili, yaani latitudo na longitudo za kila kimoja.
- Kikokotoo chenye sin, cos na cos⁻¹. Simu nyingi huvionyesha vitufe hivi ukiilaza kwa upana.
- Nusu kipenyo cha dunia: kilomita 6,371. Huu ni wastani, na ndio utakaoutumia.
- Karatasi na kalamu, hata kama una kompyuta. Mara ya kwanza andika kila namba chini. Ukikosea utajua umekosea wapi.

Huhitaji intaneti baada ya kupata viwianishi. Huhitaji ramani kabisa.

Tunapima umbali upi?

Njia fupi kuliko zote juu ya tufe hufuata duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Ikweta ni duara kuu. Kila mstari wa longitudo ni nusu ya duara kuu. Mistari mingine ya latitudo siyo, na hapo ndipo ramani bapa inapowapoteza wengi.

Chukua Santiago ya Chile na Sydney ya Australia. Vyote viwili viko karibu na latitudo ya 34 kusini, kwa hiyo kwenye ramani utashawishika kuchora mstari mnyoofu kuvuka Pasifiki. Ukiufuata mstari huo wa latitudo utasafiri kama kilomita 12,770. Njia ya duara kuu huteremka kusini hadi karibu latitudo ya 62, halafu hupanda tena, na urefu wake ni kama kilomita 11,340 tu. Tofauti inazidi kilomita 1,400. Ramani aliyoibuni Gerardus Mercator mwaka 1569, ambayo bado iko kwenye kuta nyingi, ilitengenezwa ili nahodha aweze kushika uelekeo mmoja wa dira bila kuubadilisha. Kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Kupima umbali mrefu kwa rula haikutengenezewa.

Nadharia inatosha. Tuingie kazini.

Hatua 1: Hakikisha ni kiwanja chenyewe

Usianze na jina la mji. Anza na msimbo wa kiwanja wa herufi 3, ule unaoandikwa kwenye tiketi na kwenye lebo ya mzigo. SJO ni San José ya Costa Rica. SJC ni San Jose ya California. BHX ni Birmingham ya Uingereza. BHM ni Birmingham ya Alabama. SYD ni Sydney ya Australia, lakini iko Sydney nyingine Kanada, na msimbo wake ni YQY.

Jihadhari pia na misimbo ya miji. NYC, LON na TYO si viwanja. Ni majina ya pamoja ya viwanja vyote vya mji husika. Tokyo ina Haneda (HND) na Narita (NRT), na viwanja hivyo viwili vimeachana kama kilomita 60. Ukitumia katikati ya mji badala ya kiwanja, kosa hilo litakufuata hadi mwisho.

Hatua 2: Tafuta viwianishi

Kila nchi hutoa kitabu rasmi cha taarifa za usafiri wa anga, na ndani yake kila kiwanja kina nukta yake ya rejea. Hicho ndicho chanzo bora. Kwa matumizi ya kawaida, hifadhidata huria ya OurAirports au ukurasa wa kiwanja kwenye Wikipedia unatosha.

Usihangaike na usahihi uliopitiliza. Desimali mbili za digrii zinakupa usahihi wa kama kilomita 1, na kiwanja kikubwa chenyewe kina njia za kurukia zenye urefu wa kilomita 3 au 4. Mtu anayeandika desimali saba kwa safari ya kilomita 15,000 anajichosha bure.

Kwa mfano wetu:

SIN: 1°21′33″ kaskazini, 103°59′22″ mashariki
JFK: 40°38′23″ kaskazini, 73°46′44″ magharibi

Hatua 3: Geuza dakika na sekunde kuwa desimali

Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60. Kwa hiyo:

digrii za desimali = digrii + (dakika ÷ 60) + (sekunde ÷ 3600)

Latitudo ya JFK: 40 + 38/60 + 23/3600 = 40.6397, ambayo tunaifupisha kuwa 40.64.

Onyo: 40°38′23″ si 40.3823. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote, na ni la hatari kwa sababu jibu la mwisho huonekana la kawaida. Linakukosesha makumi ya kilomita bila kukupa dalili yoyote. Onyo la pili ni kwamba chati za marubani mara nyingi huandika digrii na dakika zenye desimali, kwa mfano N40 38.4. Hapo hakuna sekunde: 38.4 ni dakika, nawe unagawanya kwa 60 mara moja tu.

Baada ya kugeuza zote nne:

SIN: latitudo 1.36, longitudo 103.99
JFK: latitudo 40.64, longitudo 73.78

Hatua 4: Weka alama

Kaskazini ni chanya, kusini ni hasi. Mashariki ni chanya, magharibi ni hasi. JFK iko magharibi, kwa hiyo longitudo yake ni −73.78.

Simama hapa na uhakiki. Ukisahau alama hiyo moja, umekihamisha kiwanja cha JFK hadi Kirgizia, Asia ya Kati, na kanuni itakupa kilomita 5,321 kutoka Singapore. Yule aliyepata 5,000 na kitu kwa safari ya saa 18 alifanya hivyohivyo.

Alama za latitudo zina mtego wa aina yake. Viwanja vyote viwili vikiwa kusini mwa Ikweta, ukisahau hasi zote mbili jibu halibadiliki hata kidogo, kwa sababu hasi mara hasi ni chanya. Basi mtu anafanya hesabu kadhaa za kusini kwa kusini, zinatoka sawa, anajiamini. Siku anayopima safari inayovuka Ikweta anapotea kwa maelfu ya kilomita. Weka alama kila mara, hata pale unapojua hazitaleta tofauti.

Angalia pia mpangilio. Baadhi ya mafaili ya ramani huandika longitudo kwanza. Latitudo haiwezi kuzidi 90, kwa hiyo ukiona "latitudo 103.99" ujue umezigeuza.

Hatua 5: Kagua kikokotoo

Bonyeza sin 30. Ukipata 0.5, kiko kwenye digrii, endelea. Ukipata −0.988, kiko kwenye rediani, kipimo kingine cha pembe. Tafuta kitufe cha DEG. Jaribio hili halichukui hata sekunde tano. Lifanye kila unapoanza.

Hatua 6: Pata tofauti ya longitudo

Toa moja kutoka kwa nyingine, ukiheshimu alama:

103.99 − (−73.78) = 177.77

Kutoa hasi ni kujumlisha, kwa hiyo viwanja vilivyo pande mbili za Greenwich longitudo zake hujumlishwa. Ikitokea umepata zaidi ya 180, safari yako fupi inapita upande wa pili wa dunia, mara nyingi juu ya Pasifiki. Toa namba hiyo kutoka 360 ili uione tofauti halisi kwa macho yako. Kwa kanuni yenyewe si lazima, kwa sababu kosini (cos) ya namba zote mbili ni moja: kwa mfano, kosini ya digrii 221.97 ni sawasawa na kosini ya 138.03, yaani 360 − 221.97. Wengi huogopa mstari wa tarehe wa kimataifa. Katika hesabu hii hauna uzito wowote.

Namba yetu ya 177.77 inakaribia 180, na inakuambia jambo: njia fupi ya Singapore hadi New York inapita karibu na Ncha ya Kaskazini.

Hatua 7: Ingiza kwenye kanuni

Tuite latitudo mbili L1 na L2, na tofauti ya longitudo T:

cos(D) = sin(L1) × sin(L2) + cos(L1) × cos(L2) × cos(T)

D ni pembe kati ya viwanja viwili ukivitazama kutoka kitovu cha dunia.

Watu wengi watakuambia utumie kanuni ya haversini. Ni kanuni nzuri, na nimeiweka mwishoni kwa ajili ya viwanja vya jirani. Lakini kwa viwanja vilivyo mbali, kanuni hii ya kosini inatoa jibu lilelile kwa hatua chache, na kila hatua iliyopungua ni nafasi ya kosa iliyopungua. Anayeanza aanze na hii.

Kwa mfano wetu:

sin(1.36) = 0.02373
sin(40.64) = 0.65130
Zidisha: 0.01546

cos(1.36) = 0.99972
cos(40.64) = 0.75882
cos(177.77) = −0.99924
Zidisha zote tatu: −0.75803

Jumlisha: 0.01546 + (−0.75803) = −0.74257

Sasa bonyeza cos⁻¹ ya −0.74257. Utapata digrii 137.95. Hiyo ndiyo D.

Onyo: usikate desimali mapema. Ukifupisha −0.74257 kuwa −0.74 kwa kutaka wepesi, umejipunja kilomita 24 mara moja. Shika desimali tano hadi mwisho, au bora zaidi, acha kikokotoo kishike zote.

Hatua 8: Geuza pembe kuwa kilomita

Digrii moja ya duara kuu ni mzingo wa dunia ukigawanywa kwa 360, yaani 2 × π × 6371 ÷ 360 = kilomita 111.195.

137.95 × 111.195 = kilomita 15,339

Ukitaka maili za baharini, ambazo ndizo marubani hutumia, gawanya kwa 1.852: unapata kama 8,283. Ukitaka maili za kawaida, gawanya kwa 1.609: unapata kama 9,530. Andika kipimo kando ya namba kila wakati. Maili ya baharini ni ndefu kuliko ya kawaida kwa kama asilimia 15, na kwa safari hii kuzichanganya kunakukosesha maili zaidi ya elfu moja.

Hatua 9: Hakiki jibu kabla ya kulitumia

Hakuna sehemu mbili za dunia zilizoachana zaidi ya kilomita 20,015, ambayo ni nusu ya mzingo. Jibu likizidi hapo, kuna kosa, hakuna mjadala.

Kisha linganisha na muda wa safari. Gawanya umbali kwa 850, yaani mwendo wa ndege wa kukadiria kwa kilomita kwa saa, uongeze nusu saa ya kupanda na kushuka. Yetu inatoa saa 18 na nusu hivi, na ratiba ya safari hiyo iko karibu na saa 18 na dakika 40. Inakubali. Kama ungekuwa na 5,321, kipimo hiki kingekupigia kelele: saa 6 na kitu?

Ukiwa na globu, fanya na hili, kwa sababu hakuna kinachomwaminisha mtu kama kuona kwa macho yake. Vuta uzi kutoka kiwanja kimoja hadi kingine mpaka ukaze, kisha uupime kwa rula. Kwenye globu ya kipenyo cha sentimita 30, kila sentimita ni kama kilomita 425. Uzi wa Singapore hadi New York utakuwa na sentimita 36 hivi, na utauona ukipita kule juu karibu na ncha, mahali ambapo ramani ya ukutani isingekupeleka kamwe.

Zoezi: Santiago hadi Sydney

Fanya hili mwenyewe kabla ya kuendelea. Lina latitudo hasi mbili, na longitudo zake zinavuka upande wa Pasifiki.

SCL: latitudo −33.39, longitudo −70.79
SYD: latitudo −33.95, longitudo 151.18

Tofauti ya longitudo ni 221.97, yaani 138.03 kwa upande mfupi. Sehemu ya kwanza ya kanuni inatoa 0.30735, ya pili −0.51495, jumla −0.20760. Pembe ni digrii 101.98, na umbali ni kilomita 11,340. Ukipata tofauti ya kilomita moja au mbili ni ya kufupisha desimali. Ukipata tofauti ya mamia, rudi hatua ya 4.

Safari yenye kituo njiani

Usipime mwanzo na mwisho peke yake. Pima kila mkondo kivyake, kisha ujumlishe. London Heathrow hadi Sydney kwa njia fupi ni kama kilomita 17,020. Ukipitia Singapore, mkondo wa kwanza ni 10,881 na wa pili 6,295, jumla 17,176. Umeongeza kilomita 156 tu, kwa sababu Singapore iko karibu sana na njia yenyewe. Kituo kingine kingeweza kukuongezea maelfu, na huwezi kukisia kwa kutazama ramani bapa, pima.

Kufanya nyingi kwa pamoja kwenye lahajedwali

Ukiwa na orodha ndefu, fungua lahajedwali (programu ya majedwali kama Excel), weka latitudo mbili kwenye seli B2 na B3, longitudo kwenye C2 na C3, kisha andika:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(B2))*SIN(RADIANS(B3))+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*COS(RADIANS(C3-C2)))

Lahajedwali hufanya hesabu zake za pembe kwa rediani, ndiyo maana RADIANS imerudiwa mara tano. Pia ndiyo maana tumezidisha kwa 6371 moja kwa moja badala ya 111.195. Ijaribu kwanza kwa SIN na JFK. Isipokupa 15,339, usiendelee na orodha.

Kwa nini ndege yenyewe huruka zaidi ya hapo

Ulichokokotoa ni umbali wa njia fupi. Ni kipimo halali na kinatumika rasmi: Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, inayohusu fidia kwa abiria, hupanga viwango kwa umbali wa duara kuu. Lakini rubani hafuati mstari huo kwa ukamilifu.

Sababu kubwa ni upepo. Juu kabisa angani kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. New York hadi London huchukua kama saa 7. Kurudi huchukua kama saa 8, ingawa umbali ni uleule. Ndege ya kutoka Singapore kwenda New York mara nyingi huacha njia ya ncha na kuvuka Pasifiki ya kaskazini, kwa sababu njia ndefu yenye upepo unaosukuma kutoka nyuma hufika mapema kuliko njia fupi isiyo nao.

Sababu nyingine ni anga iliyofungwa. Helsinki hadi Tokyo kwa duara kuu ni kama kilomita 7,800, na sehemu kubwa ya njia hiyo iko juu ya Urusi. Baada ya anga ya Urusi kufungwa kwa mashirika ya Ulaya mwishoni mwa Februari 2022, safari iliyokuwa ikichukua kama saa 9 na nusu ilifika karibu saa 13. Umbali wa duara kuu haukubadilika hata mita moja.

Halafu kuna hali ya hewa, foleni za kutua, na masharti ya ndege za injini mbili kutokwenda mbali mno na kiwanja cha dharura.

Unahitaji makadirio ya njia halisi, kwa mfano kwa hesabu za mafuta au hewa chafu? Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika kikokotoo chake cha hewa chafu huongeza kilomita 50 kwa safari za chini ya kilomita 550, kilomita 100 kwa zile za kati ya 550 na 5,500, na kilomita 125 kwa ndefu zaidi. Ni nyongeza ya wastani, na ukiitumia, sema kwamba umeitumia.

Ukikwama

*Jibu ni hasi.* Umebonyeza sin⁻¹ badala ya cos⁻¹. Kwa mfano wetu ungepata −47.95.

*Kikokotoo kinaandika "Error".* Umeipa cos⁻¹ namba iliyo nje ya −1 na 1. Kuna sehemu umejumlisha badala ya kuzidisha. Pitia hatua ya 7 upya.

*Nimepata 2.41 badala ya 137.95.* Kikokotoo kimekupa pembe kwa rediani. Zidisha kwa 6,371 badala ya 111.195, lakini kwanza hakikisha kwamba sini na kosini zako zilifanywa kwa digrii.

*Jibu langu na la tovuti yanatofautiana kwa kilomita 10 au 50.* Hujakosea. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha: nusu kipenyo chake ni kilomita 6,378 kwenye Ikweta na 6,357 kwenye ncha. Tovuti nyingi hutumia umbo hilo halisi, na kwa SIN hadi JFK hutoa takriban 15,350. Kosa la kutumia tufe halizidi nusu asilimia hivi. Ukihitaji usahihi wa mita, tumia programu yenye mbinu ya Vincenty ya mwaka 1975 au ile ya Karney ya mwaka 2013. Ya Karney ni bora kwa viwanja vilivyo karibu pande kinyume kabisa za dunia, kwa sababu ya Vincenty huweza kukwama hapo.

*Tofauti ni kubwa, lakini ina uwiano.* Gawanya namba kubwa kwa ndogo. Ukipata 1.85, 1.61 au 1.15, tatizo ni kipimo: kilomita, maili za baharini na maili za kawaida zimechanganyika.

*Viwanja viko karibu sana na jibu linayumba.* Kwa viwanja vilivyo karibu mno, kosini ya pembe ndogo inakaribia 1, na desimali chache hazitoshi. Hapo ndipo haversini inapofaa:

=2*6371*ASIN(SQRT(SIN(RADIANS(B3-B2)/2)^2+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*SIN(RADIANS(C3-C2)/2)^2))

*Lahajedwali linaandika #VALUE!* Karibu kila mara ni namba ambazo lahajedwali limezisoma kama maandishi. Angalia mambo mawili. Kwanza, kama kompyuta yako imewekwa kutumia mkato kama alama ya desimali, 40.64 haitaeleweka mpaka uandike 40,64. Pili, alama ya kutoa iliyonakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa intaneti huwa ndefu kuliko ile ya kwenye kibodi, na lahajedwali haliitambui. Ifute, uandike hasi upya kwa mkono wako.